Shajara ya klabu ya sayansi: muziki na ubongo huku, mikono na bakteria kule

Jumamosi, ndo tumeanza

Leo tumeanza rasmi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari moja huku Temeke na ndo mlezi wa klabu ya sayansi, mwaka huu watoto wamegawanyika makundi mawili kwa hiari yao, moja linataka kujua muziki unaufanya nini ubongo na lingine linataka kujua kuhusu bakteria wanaoleta magonjwa, hasa hawa wanaosafiri kwa mikono yetu. Lengo ni kupeleka kazi zote mbili kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania kama zitaiva. Zisipoiva tutaendelea nazo hivyohivyo, maana mimi ninachotaka ni hawa watoto wajue kutafiti, cheti kitakuja chenyewe.

Nimewaandikia ubaoni swali moja kwa herufi kubwa na nimesema halifutwi mpaka mradi uishe: NA ISINGEKUWEPO, INGEKUWAJE? Mtu akisema muziki umemsaidia kusoma, haya, na huo muziki usingekuwepo angefaulu kiasi gani? Mtu akisema sabuni imeondoa bakteria, na bila sabuni wangebaki wangapi? Nimewaambia hilo ndo linatenganisha utafiti na maneno ya kijiweni, na makundi yote mawili lazima yalijibu kabla ya kuandika neno "matokeo" popote pale. Saivi wenyewe wanaliita swali la ubaoni.

Jumatatu jioni

Kundi la muziki limekuja na jibu kabla ya swali. "Madam, muziki wa Mozart unaongeza akili, tumeona YouTube." Nikasema vizuri sana, tuanzie hapohapo, tuifuate hiyo habari mpaka ilikotoka.

Ilikotoka ni 1993, Chuo Kikuu cha California kule Irvine. Frances Rauscher, Gordon Shaw na Katherine Ky walichapisha kwenye jarida la Nature taarifa fupi ya ukurasa mmoja. Walichukua wanafunzi 36 wa chuo, wakawasikilizisha kwa dakika 10 sonata ya Mozart ya piano mbili, ile K. 448, au maelekezo ya kutuliza mwili, au wakawaacha kimya, halafu wakawapa maswali ya kufikiria maumbo, mfano karatasi inakunjwa inakatwa wewe useme ikikunjuliwa itakuwaje. Baada ya Mozart walifanya vizuri zaidi, ukigeuza kuwa alama za IQ, kile kipimo cha akili, ni pointi kama 8 au 9, na faida yenyewe haikudumu zaidi ya dakika 10 mpaka 15. Basi, ndo hivyo tu. Hamna mtoto mchanga pale, hamna hesabu, hamna mtu aliyekuwa na akili zaidi kesho yake asubuhi. Lakini habari ilivyosafiri ikawa kubwa kuliko yenyewe, mpaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani, Zell Miller, akaomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa aina hiyo wa kusikiliza nyumbani.

Hapo nikawauliza swali la ubaoni. Wakafikiri kidogo, afu binti mmoja wa kidato cha tatu akasema, "lakini madam wale wengine walikaa kimya tu au wanaambiwa watulie, si walikuwa wanasinzia?" Jamani nilitamani kumkumbatia! Maana hicho ndo watafiti wenyewe waligundua. Mwaka 1999 Kristin Nantais na Glenn Schellenberg huko Kanada walilinganisha Mozart na hadithi ya kusimuliwa badala ya kulinganisha na ukimya, wakakuta aliyependa hadithi anafanya vizuri baada ya hadithi, na aliyependa Mozart baada ya Mozart. 2001 Schellenberg na wenzake wakaweka Mozart ya haraka na yenye furaha upande mmoja, na kipande cha polepole chenye huzuni upande wa pili, kile cha huzuni hakikusaidia kitu, na walipohesabu mtu alivyochangamka na hali ya moyo wake, ile tofauti yote ikayeyuka. Kwa hiyo siyo Mozart. Ni kuchangamka na kufurahi, na kila mtu anachangamshwa na chake. 2005 Schellenberg na Susan Hallam wakatoa matokeo ya watoto zaidi ya 8,000 wa miaka 10 na 11 Uingereza, na kwenye jaribio mojawapo waliosikiliza pop za kizazi chao waliwapita waliosikiliza Mozart.

Kijana wa nyuma akanyoosha mkono, "kwa hiyo hata singeli inaweza?" Nikamwambia hilo sasa ni swali lako, na hakuna mtu duniani mwenye haki ya kulijibu kuliko nyie mnaoicheza.

Jumatano

Leo zamu ya kundi la bakteria. Shule ina sahani za petri kiasi, vile visahani vya plastiki vyenye vifuniko vya kuoteshea bakteria, na hadubini inayofanya kazi, inkubeta (kabati la joto) hatuna, otoklevu (mtungi wa kuulia vijidudu kwa mvuke) hatuna. Tunatumia presha kuka, ile kubwa ya kupikia maharage, ikishikilia presha yake vizuri inafika kama nyuzi 121 na kwa dakika 15 mpaka 20 inaua kila kilichomo, hata zile mbegu ngumu za bakteria ambazo maji ya kuchemka ya kawaida hayaziwezi.

Tatizo la kwanza la mtu yeyote anayetaka kuotesha bakteria ni awaoteshee wapi. Kwenye mchuzi wanaelea wote pamoja huwezi kuwatenganisha, unahitaji kitu kigumu kidogo ili kila mmoja aliyeanguka mahali pake azaane hapohapo mpaka awe kijidoa unachokiona kwa macho. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyetafiti bakteria, na wenzake Berlin walianza kwa gelatini, lakini gelatini inayeyuka kwenye joto la nyuzi 27 hivi, na kuna bakteria wanaila kabisa inageuka maji. Fikiria hiyo kitu Dar es Salaam mwezi wa kwanza! Aliyewatoa kwenye shida ni mwanamke, Fanny Hesse, mume wake Walther alikuwa anafanya kazi na Koch, naye alikuwa anamsaidia kuchora na kuandaa vyombo. Yeye jikoni kwake alikuwa anagandishia jeli kwa agari, kitu kinachotoka kwenye mwani, alijifunza kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Agari haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 85 hivi, ikishayeyuka haigandi mpaka ishuke chini ya 40, na bakteria wengi hawaili. Mwaka 1882 Koch alipotangaza bakteria wa kifua kikuu aliitaja agari, jina la Fanny hakulitaja. Wasichana wangu wamekasirika kweli, na wameandika jina lake kwenye bango kubwa kuliko la Koch, nami nimeliacha hivyohivyo.

Agari yenyewe tumeipata Kariakoo kwenye maduka ya vitu vya faluda na jeli, iko ya nyuzi na ya unga, tumechukua ya unga. Tumechemsha na supu ya nyama iliyochujwa mpaka ikawa safi na chumvi kidogo, ikaingia presha kuka, afu ikamiminwa ya moto. Kumimina kuna ufundi wake. Unafungua kifuniko upande mmoja tu kama unachungulia, unamimina, unafunika haraka, unaiacha itulie bila kuigusa. Ikipoa kifuniko chote kinajaa matone ya mvuke, ukiiweka hivyo matone yanaangukia juu ya agari na bakteria wanaogelea wanachanganyika, kwa hiyo sahani inageuzwa juu chini. Nimewaona wanavyozigeuza, mikono miwili, pumzi imebanwa, hamna anayeongea.

Alhamisi, usalama, kwa kifupi

Hatuoteshi kitu chochote kutoka chooni, kwenye kidonda wala kwa mgonjwa. Sahani ikishaota haifunguliwi tena, inazungushiwa selotepu na inasomwa ikiwa imefungwa. Hatuziweki kwenye joto la 37 makusudi, maana hilo ndo joto la mwili na wanaopenda mwili wa binadamu wanalipenda, zinakaa kabatini kwenye kivuli. Mwisho wa kazi zote zinarudi presha kuka na baada ya hapo jiki. Asiyekubali haya anahamia kundi la muziki.

Jumamosi, karatasi na mkasi

Siku nzuri mno. Kundi la muziki limeandaa majaribio mawili.

La kwanza ni la kukunja karatasi kama la Irvine. Karatasi ya daftari inakunjwa mara mbili au tatu mbele ya mtu, inakatwa pembe au inatobolewa katikati kwa mkasi, afu anachora anavyodhani itaonekana ikifunguliwa. Kabla ya hapo anasikiliza kitu kwa dakika kumi, singeli, au taarabu ya ala tupu ya polepole, au mmoja wao anamsomea hadithi, au anakaa kimya. Kila mtu anapita kote lakini kwa siku tofauti na kwa mpangilio tofauti, maana kila anayerudia jaribio anakuwa ameshazoea, na wote wangeishia na singeli basi singeli ingesifiwa kwa kazi ya mazoezi. Hilo wameliona wenyewe kwa kutumia swali la ubaoni, sikuwaambia.

La pili ni la kukumbuka maneno. Orodha ya maneno ya kawaida, ndoo, mwembe, kiatu, dirisha, mtu anayasoma huku muziki unapigwa, afu anayaandika kwa mpangilio uleule. Hapa wameweka muziki wa ala, muziki wenye maneno ya Kiswahili, na ukimya. Na mtoto mmoja akashauri tuongeze wimbo wa lugha ambayo hatuielewi. Tumeongeza.

Kitu kingine kimejitokeza leo nisichokitegemea. Tulipanga kutumia hedifoni ili kila mtu asikie sawa, binti mmoja wa kundi la muziki akaniita pembeni akasema yeye sikio la kushoto halisikii kabisa tangu utotoni. Alipata homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, akapona, sikio likabaki hivyo. Tumeacha hedifoni, tunatumia spika moja mbele ya darasa, na yeye anakaa upande unaomfaa.

Nimerudi nyumbani na hiyo habari kichwani. Sisi tumeyagawa haya mambo mawili, huku muziki huku bakteria, kumbe kwa huyu mtoto yalishakutana zamani.

Jumatatu, sikio

Nimetenga kipindi kizima kwa ajili ya sikio, makundi yote mawili yamekaa pamoja, yeye mwenyewe aliomba alieleze darasa na akaeleza vizuri sana.

Ndani ya sikio kuna kitu kimejikunja mfano wa konokono, kimejaa maji, na ndani yake ziko seli zenye vinywele vidogo sana, kila sikio lina kama 15,000 tu. Sauti ikiingia maji yanatikisika, vinywele vinapinda, seli inatoa ishara kwenye neva, ishara inapanda shina la ubongo mpaka kwenye gamba la ubongo juu ya masikio. Yaani muziki wote tunaoujua, kuanzia kigodoro mpaka kaswida, unapita kwenye hizo seli. Na kwa binadamu zikifa hazioti tena.

Sasa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria, mara nyingi ni nimokokasi au meningokokasi, na kabla ya chanjo ilikuwa pia bakteria mwingine anayeitwa Hib, bakteria wanaingia kwenye utando unaozunguka ubongo, na kuna njia nyembamba inayounganisha maji ya ubongo na maji ya sikio. Wakipita hapo, uvimbe na sumu vinaua zile seli ndani ya siku chache. Ndo maana mtoto akipona ugonjwa huu inatakiwa apimwe usikivu mapema, na ndo maana chanjo ya Hib na ya nimokokasi wanazopata watoto wachanga kliniki siyo kwa ajili ya nimonia peke yake. Mzazi unayesoma hapa, kadi ya kliniki ya mtoto iangalie vizuri.

Na hata dawa zinaweza kufanya hivyo. Streptomaisini ilipatikana 1943, dawa ya kwanza ya antibayotiki kuweza kifua kikuu, na ndugu zake kama kanamaisini zilitumika miaka mingi kwa kifua kikuu sugu, sindano kila siku kwa miezi, na watu wengi walipona kifua wakapoteza masikio. 2018 Shirika la Afya Duniani likasema kanamaisini isitumike tena kwa wagonjwa hao, matibabu yahamie kwenye vidonge. Kijana mmoja akauliza, "madam kwa hiyo mtu alikuwa anachagua kupumua au kusikia?" Sikuwa na jibu jingine zaidi ya ndiyo, kwa miaka mingi ilikuwa hivyo. Na bakteria wakizidi kuwa sugu kwa sababu tunakunywa antibayotiki kwa mafua na kuacha dozi katikati, tunarudishwa kwenye dawa za namna hiyo. Ndo ile UVIDA inayotangazwa, usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Jumatano, sahani za kwanza

Kabla ya yote, kibali. Watoto walitaka kuchukua alama za vidole vya mama ntilie wa nje ya geti kwa siri ili "asijiandae". Nikakataa kabisa. Wakaenda wawili, "Shikamoo mama, tunaomba tukupime mikono kwa ajili ya mradi wetu", wakamweleza kila kitu. Amekubali kwa sharti moja, majibu aambiwe yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Haki yake.

Kila sahani imegawanywa robo nne kwa kalamu ya wino upande wa chini. Robo ya kwanza kidole kabla ya kunawa. Ya pili kidole hichohicho baada ya maji tu. Ya tatu sabuni na kibuyu chirizi, mkono ukakaushwa kwa hewa. Ya nne sabuni na kibuyu chirizi, ukafutwa kwa kile kitambaa kinachoning'inia pale genge kwa ajili ya wateja wote. Pembeni sahani mbili za kontroo, yaani za kulinganishia, moja haijafunguliwa kabisa, nyingine imefunguliwa muda uleule tunaogusisha vidole lakini haijaguswa na mtu, ili tujue hewa peke yake inaleta nini.

Wakati tunasubiri tulifanya hesabu ubaoni. Bakteria kama E. koli akipata chakula na joto anagawanyika kila dakika 20. Mmoja tu, baada ya saa saba, ni zaidi ya milioni mbili. Wali uliobaki mezani tangu mchana hauhitaji maelezo marefu baada ya hapo.

Ijumaa, tumesoma sahani

Ile ambayo haikufunguliwa ni safi. Ya hewa ina vidoa vichache na kijifungasi kimoja cha kijivu, kwa hiyo tunajua kiasi hicho tusiwalaumu watu wa mikono.

Kabla ya kunawa, vidoa vimejaa. Maji tu, hapo ndo wengi walishangaa, kwa watu kadhaa vidoa ni vingi kuliko kabla ya kunawa! Kuna aliyesema labda maji yetu machafu, tukaotesha na maji yenyewe, hayakuwa na vingi hivyo. Kwa jinsi ninavyoelewa, maji bila sabuni yanalainisha ngozi na kuwapandisha juu bakteria waliojificha kwenye mikunjo na pembeni ya kucha, halafu hayawaondoi wote, unawaacha juujuu tayari kugusa kitu. Sabuni inashika mafuta ambayo wamejishikiza nayo, na kusugua na maji yanayotiririka kunawapeleka chini. Robo ya tatu, sabuni na hewa, vidoa vichache, kwa wengine vya kuhesabu kwa vidole.

Afu robo ya nne. Sabuni ileile, kibuyu chirizi kilekile, mtu yuleyule, kitambaa tu ndo kimeongezeka, na robo hiyo imejaa tena, vidoa vingine vimeungana havihesabiki. Darasa lote likanyamaza. Kazi yote ya sabuni ilikuwa imerudishwa mkononi na kitambaa.

Tukaenda kwa mama kama tulivyoahidi, yeye kwanza. Alizitazama zile sahani muda mrefu, akauliza "na hii ni mkono wa nani?", akaambiwa ni wa mwanafunzi wetu aliyenawa akafuta kwa kitambaa chako. Akakitoa palepale. Ameomba tumsaidie kuandika kibao "Nawa kwa sabuni, kung'uta mikono, usifute", tumeandika.

Jumatatu, jina la mradi

Kundi la bakteria tumebishana kidogo, kwa heri. Bango lao lilikuwa linasema "Bakteria waletao magonjwa mikononi mwa watu wa Temeke". Nikawauliza, mmejuaje kama hawa wanaleta magonjwa? Wengi wanaoishi kwenye ngozi ya binadamu hawana shida na mtu mwenye afya, wengine wanatulinda kwa kukalia nafasi. Kijidoa cha rangi ya njano kinaweza kuwa stafilokokasi wa majipu, kinaweza kuwa kingine kabisa, macho peke yake hayatoshi.

Koch mwenyewe alijiwekea masharti. Kijidudu kionekane kwa mgonjwa wa ugonjwa huo, kioteshwe peke yake bila mchanganyiko, kikiwekwa kwa mnyama mzima kimletee ugonjwa uleule, na kitolewe tena kwake kikiwa kilekile. Ni swali letu la ubaoni, ila limeandikwa karne ya 19. Na hata hayo masharti yana mipaka, bakteria wa ukoma alionwa na Hansen huko Norwei 1873 na mpaka leo hajakubali kuota kwenye sahani. Wa kipindupindu, Max von Pettenkofer wa Munich, mzee wa miaka zaidi ya 70 aliyekataa kwamba bakteria peke yake anatosha, 1892 alikunywa mbele ya mashahidi kimiminika chenye bakteria hao, akaharisha kidogo akapona. Wakati huohuo watu wengine wanapoteza hata lita moja ya maji kwa saa na kufa siku hiyohiyo, Dar hii inakumbuka 2015. Mwili wa mtu, tindikali ya tumbo, wingi wa bakteria walioingia, vyote vina kura. Bango sasa linasema "Bakteria mikononi kabla na baada ya kunawa". Fupi, na kila neno tunaweza kulitetea.

Jumamosi, Ocean Road

Tumetembea pwani makundi yote, tukapita mbele ya jengo la zamani la Ocean Road, siku hizi taasisi ya saratani. Ilifunguliwa kama hospitali ya Wajerumani 1897 na Koch alifanya kazi hapo alipokuja mwaka huohuo. Ni kipindi hicho alithibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yanaua watu Kiziba huko Bukoba ni tauni. Akarudi 1904, na katika safari hiyo ya pili akafuatilia homa iliyokuwa inawaangusha wasafiri kwenye njia za misafara, akawakuta bakteria wake ndani ya papasi, wale kupe laini wanaojificha kwenye udongo wa nyumba za kulala. Kipindi hichohicho Dutton na Todd walikuwa wameona jambo hilohilo Kongo, na Dutton homa hiyohiyo ikamuua Kasongo, Februari 1905. Bakteria huyo leo anaitwa kwa jina la Dutton.

Kijana mmoja ambaye kwao ni Dodoma akasema bibi yake hajawahi kusikia habari za Koch lakini papasi na homa yake anavijua, alikatazwa na mama yake kulala chini kwenye nyumba za wageni. Nimemwambia aiandike, maana ni kweli, wenyeji walikuwa wanasema hivyo kabla ya hadubini yoyote kufika, na Koch alianzia kwa waliokuwa wanasema.

Nikawaeleza na lingine lisilopendeza. 1906 na 1907 Koch alikuwa visiwa vya Sese, Uganda, anatibu malale kwa dawa ya arseniki iitwayo atoksili, akaongeza dozi kwa watu ambao hakuna aliyewauliza vya kutosha, na baadhi yao wakapofuka. Ndo sababu nilikataa mama ntilie wa getini asipimwe kwa siri. Sasa wameelewa.

Jumatano, maneno na karatasi

Matokeo ya muziki yameanza kukaa sawa. Kwenye kukumbuka maneno, wimbo wa Kiswahili umewaangusha karibu wote, wanaandika "ndoo, mwembe" afu linaingia neno la wimbo. Wimbo wa lugha ngeni umesumbua kidogo zaidi ya ala tupu. Ala na ukimya hatujaona tofauti ya kuizungumzia. Inaendana na waliyoyapata Pierre Salamé na Alan Baddeley miaka ya 80, kwamba sauti ya maneno inaingia bila hodi kwenye sehemu ileile ya ubongo inayorudiarudia unachotaka kukishika. Kwa hiyo anayekariri NECTA huku redio inaimba, maneno ya redio yanashindana na ya daftari.

Kwenye kukunja karatasi, singeli imewasaidia wanaoipenda. Wanaoimba kwaya imewachosha, wao walifanya vizuri baada ya hadithi au taarabu. Ni watoto wachache, hatutangazi chochote kwa dunia, lakini mwelekeo ni uleule wa kuchangamka.

Kijana wa singeli akauliza mbona hata akikaa kimya mguu unagonga sakafu. Ni kwamba mapigo ya muziki yanaamsha sehemu za ubongo za mwendo hata kama hujasogea, na ndo maana wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwendo mzito, wakipigiwa mdundo wa kufuata wengi wanatembea kwa hatua ndefu na za uhakika zaidi, Michael Thaut alionyesha hilo 1996. Na ule msisimko wa mwili kusimama nywele, 2011 Valorie Salimpoor na Robert Zatorre huko Montreal walipima wakakuta ubongo unamwaga dopamini, kemikali inayohusika na raha, na siyo pale kilele kinapofika tu, inaanza kwenye sekunde za kukisubiri. Mwimbaji wa kwaya akasema, "ndo pale kinanda kinaponyamaza kabla ya kiitikio." Ndo pale.

Mwingine ana babu aliyepata kiharusi, hawezi kuomba maji lakini tenzi anaimba ubeti mzima na maneno yake. Tangu 1973 kuna madaktari Boston wanaotumia njia hiyo, mgonjwa anaanza kuimba sentensi za kila siku polepole huku anagonga kidole, mpaka zinageuka kusemwa. Mama yake kaomba maelezo nimwandikie, nimemwandikia, na nimemshauri amuone mtaalamu wa matamshi hospitali ya rufaa.

Ijumaa, yaliyobaki

Makundi mawili wameungana na wameniletea ombi moja, wanataka kuwapigia bakteria muziki. Siwakatalii. Lakini spika ikipiga inapata joto na inatikisika, na bakteria wanajali sana joto, kwa hiyo sahani iliyo karibu na spika ikiota zaidi tutasema ni singeli kumbe ni umoto. Binti wa sikio moja ndo kaleta mpango: sahani tatu, zote za mtindi uliochanganywa na maji safi tusicheze na kitu cha hatari. Moja mbele ya spika inayopiga, ya pili mbele ya spika iliyowashwa inayopiga sauti iliyo juu sana sikio la mtu haisikii, ya tatu kabatini peke yake, na kipimajoto kila mahali. Nimemwambia aongeze ya nne, spika imewashwa bila sauti yoyote. Akasema hata yeye aliifikiria ila sahani zimebaki chache.

Kwa hiyo tunahitaji sahani za petri, na spika ndogo tatu za aina moja kwa wiki moja. Aliye Temeke au Mbagala na anaweza kutuazima, tunakuja kuzichukua wenyewe Jumatatu baada ya vipindi.